Mavazi ya mwanamke wakati wa joto: anza na kitambaa, mshono ufuate

Kata ya Gendabi, wilayani Hanang, ipo chini ya Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wakazi wake wanajua namna hali ya hewa inavyobadilika ndani ya siku moja. Alfajiri unatoka nyumbani umejitanda shuka. Saa sita mchana jua linachoma. Jioni upepo wa mlimani unarudi na unatafuta tena cha kujifunika.

Mwezi Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana huwa kali. Miezi hiyo hiyo ndiyo yenye shughuli nyingi. Mazao yameuzwa, harusi zinafungwa, na shule zinafanya mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Kwa mwanamke anayepata fedha ya maana mara moja kwa mwaka, nguo atakayonunua wakati huu huenda ndiyo itakayomvusha hadi msimu ujao. Akikosea, amebaki na gauni linalomchoma mchana kutwa, au gauni zuri ambalo hana pa kulivaa tena.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua nguo inayopendeza, inayofaa wakati wa joto, na inayoweza kuvaliwa kwenye shughuli zaidi ya moja.

Kwa nini nguo nyingine inachoma

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Nguo nzuri ya joto ni ile inayoliacha jasho likauke, na kwa hilo mambo mawili yanahitajika: kitambaa kinachonyonya maji, na nafasi ya hewa kupita kati ya nguo na ngozi.

Pamba inanyonya. Katika hewa ya kawaida, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake bila wewe kuhisi kuwa imelowa. Poliesta, ambayo hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, hubeba chini ya asilimia 1. Ndiyo maana gauni la satini la poliesta linakuganda mgongoni kabla misa haijafika katikati, wakati gauni la pamba la rangi hiyo hiyo bado linakaa vizuri.

Pamba nayo ina kasoro yake. Ikilowa kabisa, inachelewa kukauka. Ukipanda mlima na mzigo, nguo ikalowa jasho, kisha upepo ukakupiga, utasikia baridi. Kwa safari ya namna hiyo beba kanga kavu ya kubadilisha au kujitanda.

Vipi kuhusu rangi? Nguo nyeupe na za rangi hafifu hunyonya joto kidogo la jua kuliko nyeusi. Lakini upana wa nguo una uzito wake pia. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa jangwani juu ya kanzu pana za Mabeduini. Watafiti waliona kwamba aliyevaa kanzu nyeusi hakupata joto zaidi mwilini kuliko aliyevaa nyeupe, kwa sababu joto la kitambaa cheusi lilichukuliwa na hewa iliyopita ndani ya kanzu kabla ya kufika kwenye ngozi. Kwa hiyo mama anayelazimika kuvaa nyeusi msibani, au anayevaa baibui, asihofu rangi. Ahakikishe tu kwamba nguo ni pana na kitambaa ni chepesi.

Kutambua kitambaa kabla ya kulipa

Mnadani muuzaji atakuambia kila kitambaa ni pamba. Njia hizi zitakusaidia kujua mwenyewe.

*Kunja.* Kamata kona ya kitambaa, ifinye ndani ya kiganja kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha iachie. Pamba itabaki na mikunjo. Poliesta itarudi laini kana kwamba haikuguswa.

*Dondoshea maji.* Omba ruhusa, kisha weka tone moja kwenye pindo. Pamba italinyonya, na tone litatanuka. Kwenye poliesta tone hukaa juu kwa muda au huteleza. Kitambaa kipya cha pamba chenye wanga mwingi kinaweza kuchelewa kidogo kunyonya, hivyo tumia njia hii pamoja na nyingine.

*Angalia upande wa nyuma.* Kitenge cha wax kilichotengenezwa vizuri kina rangi karibu sawa pande zote mbili. Kama nyuma ni nyeupe au rangi imefifia sana, kimechapwa upande mmoja tu. Neno "wax" lililoandikwa pembeni halitoshi kuwa ushahidi. Vitenge vingi vya poliesta vina neno hilo hilo.

*Choma uzi.* Hii ndiyo njia ya uhakika zaidi, lakini ifanye nyumbani au kwa fundi, mbali na watoto, juu ya sahani yenye maji. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo au pini, uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inanuka kama plastiki, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona majivu na kidonge pamoja, kitambaa kimechanganywa. Kitambaa cha mchanganyiko si kibaya: hakikunjamani sana na kinadumu, ila joto lake ni la katikati.

Kwenye mitumba, soma kitambulisho kilichoshonwa shingoni au ubavuni. "Cotton" ni pamba. "Linen" ni kitani, nacho kinapoza sana ingawa kinakunjamana. "Viscose" au "rayon" ni laini na inapoza, lakini inadhoofika ikiwa imelowa, hivyo usiikamue kwa nguvu. "Polyester," "nylon" na "acrylic" ni za kiwandani, na zinabana joto.

Kanga, kitenge, dera na mitumba

Kanga ya pamba ni rafiki wa kwanza wa mwanamke wakati wa joto. Inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kila kipande kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani maandishi yake. Vazi hili lilianzia pwani katika karne ya 19, wanawake waliposhona pamoja vitambaa vilivyoitwa leso, neno linalotokana na Kireno. Kanga inafaa kujifunga, kujitanda, kubebea mtoto na kukalia, na fundi mzuri anaweza kuigeuza gauni. Kanga za poliesta zimejaa sokoni kwa sababu ni rahisi na rangi zake zinang'aa, lakini kwenye jua hutapenda kuzivaa.

Kitenge ni kizito kuliko kanga na kinashikilia umbo, ndiyo maana kinapendwa kwa magauni ya shughuli. Kwa kawaida pisi moja ina yadi 6, sawa na mita 5.5 hivi. Nusu pisi, yadi 3, inatosha gauni la kawaida kwa mwanamke wa umbo la wastani. Mwenye mwili mkubwa, au anayetaka marinda mengi, aongeze. Muulize fundi kabla ya kununua.

Dera ni pana na refu, hivyo hewa inazunguka vizuri. Tatizo lake ni wepesi: ukisimama mbele ya jua, kila kitu kinaonekana. Vaa shimizi ya pamba ndani. Shimizi ya nailoni itarudisha joto lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Mitumba inaweza kukupatia pamba au kitani bora kwa bei ndogo kuliko kitambaa kipya. Angalia kwapani, kwenye zipu na chini ya makalio, maana nguo huanza kuchoka hapo. Jambo moja halina mjadala: nguo za ndani za mtumba usinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wake kwa sababu za kiafya. Nguo za ndani ziwe mpya, za pamba, na zisibane. Joto, jasho na nailoni ya kubana vikikutana ndipo upele na fangasi hupata nafasi.

Inafaa kukumbuka kwamba pamba yenyewe inalimwa hapa nchini, kwa wingi katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, ila sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1968, kilivisha familia nyingi za Tanzania kanga na vitenge vya pamba. Mama au bibi yako akiwa na kitenge cha zamani sandukuni, usikidharau. Huenda ni kitambaa bora kuliko kilicho dukani leo.

Mshono unaopitisha hewa

Kitambaa kizuri kinaweza kuharibiwa na mshono. Unapokwenda kwa fundi, zungumza naye mambo haya:

Loweka kitambaa cha pamba na ukikaushe kabla hakijakatwa. Pamba hupungua inapofuliwa mara ya kwanza, na gauni lililokuenea Jumamosi linaweza kukubana Jumamosi inayofuata.

Uliza kuhusu bitana. Mafundi wengi huweka bitana ya poliesta ndani ya gauni la pamba. Ukiweka hiyo, ngozi yako imeguswa na poliesta, na pamba uliyolipia imebaki nje. Omba bitana nyembamba ya pamba, au bitana kifuani tu, sketi iachwe bila.

Kwapani pawe na nafasi. Mkono mfupi ulio mpana, au mrefu ulio huru, unapoza kuliko mkono mfupi unaobana.

Mwambie aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni. Mwili unabadilika, na gauni lenye akiba linapanuliwa badala ya kutupwa. Kwa mama anayenyonyesha, vifungo au zipu mbele vitamrahisishia maisha.

Na ukimpelekea picha ya kwenye simu, muulize: "Fundi, kitambaa changu kinaweza kukaa hivi?" Gauni la kwenye picha huenda limeshonwa kwa kitambaa kigumu, na la kanga laini halitasimama vile.

Nguo kwa kila tukio

*Shambani.* Kwenye mwinuko kama huu mionzi ya jua ni mikali kuliko pwani, hata siku ambayo hewa ni ya baridi. Blauzi ya pamba ya mikono mirefu, sketi pana na kofia ya ukingo mpana vinakinga kuliko kuacha mabega wazi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai: wavae mikono mirefu, kofia pana, na kitambaa kilichofumwa kwa kushikana. Kiinue juani, kikionyesha mwanga mwingi, hakikingi.

*Mnadani na safarini.* Siku ya mnada wa Katesh unatembea, unakaa chini, unapanda gari au bodaboda. Gauni la kitenge linalofika chini ya goti, lenye mfuko mmoja wa ndani wa fedha, linafaa. Kwenye pikipiki, kunja ncha za kanga na mtandio na uzikalie. Kitambaa kinachoning'inia kikinaswa kwenye gurudumu au mnyororo kinaweza kukuangusha.

*Kanisani na msikitini.* Hapa watu hukaa muda mrefu bila hewa nyingi. Chagua pamba, mkono unaofunika bega, na urefu unaokuwezesha kupiga magoti au kusujudu bila wasiwasi. Mtandio wa pamba hautelezi kichwani kama wa poliesta, na hauchomi shingo.

*Harusi na sendofu.* Kama unapenda lesi au satini, si lazima uiache. Itumie mahali ambapo haigandi mwilini: mkono, shingo, ukanda, kilemba. Mwili wa gauni uwe kitenge cha pamba. Utapendeza kwenye picha na utacheza hadi mwisho. Sherehe ikiendelea usiku, beba sweta au shuka, maana mlima hausahau zamu yake. Kama uwanja ni wa udongo, skuna zitazama. Kiatu cha kisigino kipana au sendo nzuri vitakuweka salama.

*Msibani.* Heshima hapa ni utulivu. Gauni refu la rangi iliyotulia na doti ya kanga, moja kiunoni na moja mabegani, vinatosha. Soma jina la kanga kabla hujatoka nyumbani. Maandishi ya kejeli au ya mahaba, hata kama kanga ni mpya, yatawaumiza wafiwa. Mama zetu wengi hutenga doti moja kwa ajili ya misiba, nao ni utaratibu mzuri, kwa kuwa msiba haupigi hodi.

*Mahafali, ofisini, mkutano wa kijiji.* Sketi ya rangi moja na blauzi ya pamba iliyopigwa pasi haiwezi kukuangusha. Sketi hiyo hiyo, ukiiweka na blauzi ya kitenge, inakwenda kwenye ubatizo au kipaimara.

Sare ya harusi: hesabu kabla ya kukubali

Siku hizi karibu kila harusi ina sare. Sare inapendeza, inaonyesha umoja, na inampa bibi harusi furaha. Lakini mwanamke mwenye mialiko minne kwa msimu akishona sare nne, ameshona sehemu ya mavuno yake. Wapo wanaobaki nyumbani kwa aibu ya kukosa sare, wakati ndugu yao anaolewa hatua chache kutoka hapo.

Tuchukulie gauni la satini limekugharimu shilingi 40,000 na umelivaa mara moja. Gauni la kitenge cha pamba limekugharimu 60,000 na umelivaa mara 30, kanisani, kwenye vikao na safarini. La kwanza limekula 40,000 kwa siku moja. La pili limekula 2,000 kila ulipolivaa. Lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Kamati zinaweza kusaidia. Badala ya kitambaa kimoja cha lazima, zitaje rangi, na kila mtu atafute kwa uwezo wake. Au zichague kanga kuwa sare: doti moja ni gharama ndogo, haihitaji fundi, na baada ya harusi ina kazi mia nyumbani. Huko pwani, kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, imekuwa vazi la harusi kwa vizazi, na hakuna anayesema bibi harusi hakupendeza.

Na kama wewe ndiye mwenye shughuli, neno lako lina uzito. Ukisema mapema, "Shangazi, njoo na nguo yako nzuri uliyo nayo," umemfungulia mlango.

Heshima haikuanza jana

Mjadala wa mavazi ya mwanamke ni wa zamani. Kwa Wabarbaig, sketi ya ngozi yenye vipande vyembamba vinavyoning'inia ni alama ya mwanamke aliyeolewa, na inaheshimiwa hivyo. Wairaqw nao walipamba sketi za ngozi kwa shanga. Yalikuwa mavazi yaliyojua tukio lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliwataka Wamasai waache lubega na ngozi kwa madai kwamba ni mavazi yaliyopitwa na wakati. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nao ukatangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupinga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Katika kipindi hicho kimoja, wengine waliambiwa wamevaa kizamani mno, na wengine kisasa mno.

Kwa wakati wa joto kuna habari njema: heshima na ubaridi havigombani. Gauni refu na pana la pamba linapoza kuliko fupi la poliesta linalobana, na linakinga jua.

Kutunza ulichonunua

Fua nguo mpya ya rangi kali peke yake mara ya kwanza. Igeuze ndani nje na uianike kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi. Nguo yenye poliesta ifuliwe siku hiyo hiyo, maana harufu ya jasho hung'ang'ania humo. Unapotumia pasi ya mkaa, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Pamba inavumilia moto. Satini na nailoni zinayeyuka.

Kwa kifupi

Kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali manne. Kitambaa kinanyonya jasho? Mshono unaruhusu hewa? Nguo hii nitaivaa wapi pengine mbali na shughuli hii? Je, ninaweza kuifua na kuipiga pasi mwenyewe? Ukipata jibu zuri kwa yote manne, nunua kwa moyo mweupe. Ukipata moja tu, rudisha fedha mfukoni na uzunguke mnada mara moja zaidi.